Napiga gleizi koti juu ya koti lakini uso unageuka tope, nakosea wapi?

brashi_ya_namuwongo

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Kampala pande za Namuwongo, kazi yangu ni kuchora mabango ya saluni na maduka, zile vichwa vimenyolewa vizuri unaziona ukutani, kwa hiyo rangi naijua kidogo msinione mgeni kabisa. Lakini hii kitu inaitwa gleizi, kupaka koti (tabaka) nyembamba ya rangi inayopitisha mwanga juu ya nyingine, imenitoa jasho mwezi mzima.

Niliona jamaa kwa video anachora uso kwanza kwa kijivu kitupu, unaona kama picha ya kitambulisho ya zamani, halafu ikikauka anapitisha rangi nyepesi kama chai ya rangi, anangoja, anapitisha tena, anangoja, mpaka uso unaanza kuwaka kama una taa ndani. Nikasema basi hii lazima nimchoree jaja yangu, yaani bibi, anatimiza miaka 80 Desemba na niko na picha yake nzuri amevaa gomesi, lile gauni letu refu la kina mama, ya zambarau na mshipi mwekundu wa kung'aa.

Nilifanya hivi. Kitambaa cha kaliko nilinunua Kiyembe, fundi mbao akanipigia fremu, nikapaka emalsheni nyeupe ya ukuta koti mbili. Nikachora jaja kwa kijivu, na hapo alitoka vizuri banange hata jirani alimjua. Sasa kwa rangi ndio mambo yakaharibika. Natumia akriliki za tyubu, ile seti ya 12 ya bei rahisi. Midiamu yenyewe, ile ya kuchanganya na rangi iwe nyembamba, niliuliza bei nikacheka nikatoka, nikachukua gundi nyeupe ya mbao nikaichanganya na maji, manake ikikauka si inakuwa kama kioo? Koti ya kwanza kahawia, ikakubali. Ya pili nyekundu. Ya tatu nikaweka kijani kidogo kwa vivuli sababu yule jamaa wa video alifanya hivyo, hapo brashi ikaanza kuvuta koti ya chini, inatoka vipande vipande kama utando wa maziwa. Nikaona mashavu yamekuwa giza sana nikaongeza nyeupe kwa ile rangi nyembamba ili nimrudishie mwanga. Sasa jaja anaonekana kama mtu ametoka kinu cha kusaga mahindi. Majivu juu, tope chini.

Kuna rafiki ananiambia akriliki haiwezi hii kazi nihamie rangi ya mafuta. Ni kweli? Na koti zinatakiwa ngapi? Na hii picha inaokoleka ama nianze upya?

mashine_ya_nasser

Dada pole sana, hiyo ya kinu cha mahindi imeniua 😂

Mimi si mchoraji, niko kwa mashine ya kuchapa hapa Nasser Road mwaka wa tisa sasa, lakini nadhani tatizo lako nalijua kwa sababu sisi tunaliona kila siku. Chukua kalenda yoyote hapo kwako uangalie kwa lenzi ya kukuza, utaona vitone vya rangi nne tu, bluu ya sayani, majenta, njano na nyeusi. Hakuna kijani kwa mashine. Kijani inatoka pale njano imekaa juu ya sayani, sababu wino wetu unapitisha mwanga. Mwanga unashuka unapita kwenye wino unagonga karatasi nyeupe unarudi tena kwa jicho, umechujwa mara mbili, kwenda na kurudi. Kwa hiyo taa yako ni karatasi. Wino ni kama kaveera, mfuko wa plastiki, ya rangi imefunika taa, hautoi mwanga wake wenyewe.

Ukielewa hapo, tope utaijua inatoka wapi. Kila kaveera unayoongeza inakula mwanga kidogo. Sisi tukijaza sayani na majenta na njano zote tatu hapo hapo hatupati nyeusi safi, tunapata kahawia ya ajabu ndio maana wino mweusi unawekwa pembeni. Sasa wewe umepiga kahawia, juu nyekundu, juu kijani. Nyekundu inakula kijani na kijani inakula nyekundu, kimebaki nini? Tope. Na ile nyeupe uliyoongeza haikurudisha mwanga, imefunga dirisha. Nyeupe ya titaniamu inaziba, hata ukiiyeyusha vipi inakuwa ukungu juu ya kila kitu.

Fanya hivi kabla hujagusa picha tena. Chukua karatasi ngumu, piga mstari mnene wa kalamu ya maka nyeusi isiyofutika na maji, ikauke. Halafu kila tyubu yako ivushe juu ya ule mstari. Ikipita na mstari ukabaki mweusi safi, hiyo inapitisha mwanga, ni ya gleizi. Ikiacha alama juu ya mstari kama vumbi, hiyo inaziba, iweke kwa mabango yako. Utashangaa nusu ya seti yako inaziba.

mzee_wa_tapentaini

Binti yangu, nimesoma yote. Mimi nachora kwa rangi ya mafuta hapa Jinja tangu hujazaliwa nadhani, basi nisikilize kidogo ingawa wazee tunapenda kuongea.

Kwanza hiyo gundi. Gundi ya mbao ikikauka inaonekana kioo ndiyo, lakini ikiguswa na maji inalainika tena. Meza ikilowa hujawahi kuona ile gundi inageuka nyeupe nyeupe kwa kiungo? Sasa kila koti yako mpya imekuja na maji, ikaamsha ile ya chini, ndiyo ukaona utando. Hapo hata malaika angechora angepata tope. Emalsheni ya ukuta nayo inakunywa, sehemu moja inanyonya sana nyingine kidogo, rangi nyembamba inakaa mabaka. Na juu ya kitambaa kinachocheza itapasuka siku moja.

Kuhusu mafuta. Rafiki yako amesema ukweli nusu. Hii njia ilikomaa kwenye mafuta. Kuna picha ya mwaka 1434 ya Jan van Eyck, mume na mke wamesimama chumbani, iko London kwenye National Gallery, nguo ya kijani ya yule mama mpaka leo inawaka, karibu miaka 600. Watu husema yeye ndiye aliyevumbua rangi ya mafuta, si kweli, mafuta yalitumika kabla yake, ila kwa matabaka haya membamba wachache walimfikia. Mafuta yanakupa muda. Unapaka, unafuta kwa kitambaa pale ambapo hutaki, unalainisha ukingo kwa kidole, saa nzima bado inakungoja. Akriliki ikikauka imekauka.

Lakini ukihamia mafuta kuna adhabu zake. Mafuta ya linsidi, ya mbegu za kitani ndiyo yako ndani ya rangi, hayakauki kama maji, hayaendi hewani, yanavuta hewa ndipo yanaganda. Koti moja nyembamba unaweza kungoja siku tatu, unaweza kungoja wiki, na rangi zenyewe hazifanani, amba ile kahawia ya udongo inakauka haraka, nyekundu ya alizarini inakuchelewesha mpaka uchoke. Usipime kwa macho, gusa pembeni kwa kidole, kikinata ondoka. Koti za chini zipunguzie mafuta kwa tapentaini, za juu ndizo ziwe na mafuta zaidi. Ukigeuza ukaweka ya mafuta mengi chini, ya juu itakauka mbele na ya chini bado inasogea, utaona nyufa kama udongo wa kiangazi. Na usichukue ile linsidi iliyochemshwa ya hadiwea ya kupaka milango, inageuka njano giza. Tafuta iliyosafishwa ya wachoraji, hata chupa ndogo inakwenda mbali.

Halafu matambara. Mwaka fulani nilikunja matambara yangu yenye linsidi nikayatupa kwenye ndoo kavu ya plastiki nikaenda kula. Nimerudi ndoo inatoa moshi, hakuna aliyewasha kitu. Ile kuvuta hewa inatoa joto, na tambara likikunjwa joto halina pa kwenda. Tangu hapo nayatandaza nje moja moja kwenye waya ama nayazamisha kwenye maji. Nimeandika hapa sababu kwa video hawasemi.

boda_msanii

Mimi nimekuja kusoma tu nikakuta somo la chuo kikuu 😄 wakuu swali langu dogo, je gleizi kwa lubugo, kile kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, inawezekana? Nina kipande kikubwa kutoka Masaka kimekaa tu.

akello_rangi

Mzee heshima yako, lakini kwa akriliki sikubaliani na wewe hata kidogo. Mimi nafanya gleizi kwa akriliki mwaka wa tano na sijawahi kulia. Dada usihame, umefundishwa na mabango, mkono wako uko haraka, mafuta utayachukia wiki ya kwanza.

Ile ya gundi mzee amemaliza. Midiamu ya akriliki ya kung'aa, ile nyeupe kama maziwa, ndiyo ile ile iko ndani ya tyubu yako ila haina unga wa rangi. Ikikauka maziwa yanapotea inakuwa kioo na haiamki tena kwa maji. Chupa ndogo tu nunua. Tone moja la rangi kwa matone kama kumi ya midiamu, na ujue ikiwa mbichi inaonekana ya maziwa, imepauka, ikikauka inashuka giza kidogo. Wengi hapo ndio wanaongeza rangi wakidhani haitoshi halafu asubuhi wanakuta uso mweusi. Usiitegemee maji peke yake, maji mengi yanatawanya ile gundi ya rangi, ikikauka inakuwa unga unaofutika. Na wewe unachorea saluni, si wana draya za nywele? Azima moja. Dakika chache za hewa ya uvuguvugu, koti imekauka, unaendelea. Siku za mvua kama Aprili usipofanya hivyo utakaa unaiangalia tu.

Brashi iwe pana na laini, unapita mara moja unaacha. Mkono wa bango unataka kurudia rudia, uzuie. Ukiona kosa ikiwa bado mbichi futa yote kwa tambara lenye maji kidogo, usirekebishe, manake ile nusu kavu ndiyo inavutika.

Sasa kitu ambacho hakuna amekigusa hapa na mimi nadhani ndicho kimekuangusha zaidi ya gundi. Ile kijivu yako. Umesema jirani alimjua jaja, maana yake ulichora giza na mwanga kama ulivyo kwa picha. Hapo umeshachelewa. Gleizi inaongeza giza tu, haijawahi kuongeza mwanga, mkuu wa Nasser amekueleza na kaveera zake. Kwa hiyo picha ya chini lazima iwe imepauka kuliko unavyotaka, uso uonekane kama umepigwa jua kali, mpaka wewe mwenyewe uone aibu kumuonyesha mtu. Hapo ndipo koti zikishuka zinakuleta mahali sawa. Na ukitaka kurudisha mwanga katikati ya safari hauchanganyi nyeupe na gleizi, unasimama, unachora upya ile sehemu ya mwanga kwa nyeupe nzito, inakauka, halafu unaifunika tena kwa rangi nyepesi. Hata hao wazee wa zamani walifanya hivyo hivyo.

Na hiyo ya kijani kwa vivuli sahau. Yule wa video alikuwa anachora mzungu. Kijani chini ya ngozi ya waridi inatulia vizuri, ni desturi ya Italia ya zamani hiyo, lakini kwa ngozi ya jaja inakupa mtu mgonjwa. Mimi ngozi zetu siwekei kijivu baridi hata chini, nachora kwa amba iliyochomwa na nyeupe, kahawia yenye joto. Halafu gleizi ya kwanza siena iliyochomwa, kahawia yenye wekundu, uso wote. Vivuli ni altramarini, ile bluu nzito, imechanganywa na siena, haitoki nyeusi wala haitoki bluu, inatoka ile giza ya zambarau unaiona chini ya kidevu. Wekundu kidogo wa kwinakridoni kwa masikio na pua. Ile nyeusi ya tyubu usiiguse. Na pale paji linang'aa angalia vizuri picha yako, utakuta ni bluu bluu, ni anga inajiona kwenye ngozi, hiyo unaiweka mwisho na si gleizi, ni rangi nzito kidogo ncha ya brashi.

Koti ngapi? Hakuna namba. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walipima nyuso za Leonardo da Vinci kwa eksirei bila kuzikwangua, matabaka yote pamoja yakaja kama maikromita 30 hadi 40, hiyo ni chini ya unene wa unywele mmoja. Mimi uso naumaliza kwa nne au sita. Ukifika kumi unajificha nyuma ya kitu.

boda_msanii kuhusu lubugo, inawezekana lakini fikiria ile taa. Lubugo ni kahawia nyekundu na inanyonya, mwanga ukiingia haurudi. Ukipiga gleizi moja kwa moja itamezwa kama maji kwenye mchanga. Ziba kwanza kwa midiamu koti mbili, halafu pale tu unapotaka pawake weka nyeupe, uso ama maua, pengine pote acha ganda la mutuba lenyewe liongee. Usilifunike lote, sasa si ungenunua kaliko?

mzee_wa_tapentaini

Akello, juu ya kupausha picha ya chini umenena, mimi nilisahau kusema na ndiyo ya kwanza tuliyofundishwa. Ya akriliki tutabishana siku nyingine. Ila ukweli kuna njia ya katikati ambayo hata mimi naitumia siku hizi mgongo ukiuma. Picha ya chini kwa akriliki inakauka siku moja, halafu gleizi juu kwa mafuta. Mafuta juu ya akriliki yanashika. Akriliki juu ya mafuta hapana, itabanduka kama ngozi ya nyoka.

mashine_ya_nasser

Naongeza moja, angalieni nyuma ya tyubu. Zile nzuri zina kiboksi kidogo, kikiwa kitupu inapitisha mwanga, kikiwa nusu ni nusu, kikijaa inaziba. Na kuna namba ya unga. PB29 ni altramarini, PW6 ni ile nyeupe ya titaniamu. Nimeona tyubu za rahisi rangi ya kahawia imeandikwa namba tatu pamoja na PW6 ndani. Hapo umeuziwa tope tayari iko kwa tyubu.

brashi_ya_namuwongo

Nimerudi wakuu. Nimefanya ile ya mstari wa maka jana usiku, tyubu 12 zote. Zilizopita safi ni nne tu! Altramarini, ile nyekundu ya rubi, kijani ya giza, na siena kidogo. Njano zote mbili zimekaa juu ya mstari kama poda. Na ile kahawia niliyompakia jaja uso mzima, kumbe imeziba kabisa, nimeangalia nyuma namba tatu na PW6 iko katikati hapo inanitazama. Mkuu wa Nasser nimekuvulia kofia.

Nikajaribu kingine kwa kipande cha kaliko. Nilichora mashavu mawili, moja kama lilivyo kwa picha, lingine nimelipausha mpaka linatisha. Nikanunua ile chupa ndogo ya midiamu, imeniuma lakini nimenunua. Siena koti mbili yote mawili. La kwanza limekufa. La pili, sijui niseme vipi, nimelisogeza dirishani saa kumi na moja jioni lile jua la pembeni, limetoa ile kitu ya video. Mtoto wa dada yangu akaja akaligusa akauliza kama ni moto.

Mzee, Akello, swali la mwisho sitawasumbua tena. Mshipi wa gomesi. Ile hariri nyekundu inang'aa, mikunjo yake ina sehemu ni karibu nyeupe na sehemu ni damu ya mzee. Nianze na nini?

mzee_wa_tapentaini

Mshipi ndiyo sehemu tamu kuliko zote, usiukimbilie. Mikunjo yote ichore kwa kahawia na nyeupe, na pale mwanga unapogonga weka nyeupe nene kidogo, iwe na kimo. Ikikauka pitisha ile nyekundu ya rubi mshipi mzima, koti moja. Itakaa nyembamba juu ya vilima na nene mabondeni yenyewe bila wewe kuchora. Ikauke, sasa mabonde peke yake uyape ya pili, na ya tatu uweke altramarini kidogo ndani. Ukitaka wekundu wa moto badala ya waridi, kabla ya nyekundu zile sehemu za mwanga zipake njano. Hizo njano zako zinazoziba ndipo kazi yake ilipo, chini.

akello_rangi

Hapo kwa njano nakubaliana na mzee, iandikwe tarehe 😂

Ila dada hiyo nyekundu ya rubi angalia namba. Ikiwa ni PR83 hiyo ni alizarini, inafifia kwenye mwanga, na najua picha itatundikwa sebuleni mkabala na dirisha. Tafuta PV19, ile kwinakridoni niliyosema.

brashi_ya_namuwongo

Nimeangalia. PR83, bambi.

Kale, Jumamosi napita mjini kutafuta tyubu moja ya PV19 na mita mbili za kaliko mpya. Jaja wa kwanza fundi mbao ameniomba azibie dirisha la karakana, nimemwambia achukue lakini ageuze uso ndani.

boda_msanii

Kaliko ni Kiyembe? Jumamosi nitakuwa stendi ya hapo chini, nakubeba bure ukinionyesha hilo shavu.